Linki ileile, kwa binamu California kitabu kinafunguka, kwangu Morogoro hakifunguki

Mwana wa Moro:
Wadau habari za leo. Naandika tasnifu ya masters kuhusu methali, kuna kitabu cha zamani kimechapwa London 1891 nikakikuta HathiTrust, ile maktaba ya mtandaoni ya vitabu vilivyoskaniwa. Binamu yangu yuko Davis, University of California, kanipigia video nikaona kitabu chote kiko wazi, ukurasa mmoja una mpaka kidole cha aliyeskani kimevaa kile kimpira cha pinki. Mimi nikifungua naruhusiwa kutafuta neno tu, naonyeshwa namba za kurasa lilipo basi. Nimebadili brauza, nimebadili bando, wapi. Au wametubania Waafrika?

Kabati Bovu:
Sio bando mkuu, ni hakimiliki. Kwa sheria ya Marekani vitabu vya zamani hivyo ni miaka 95 tangu kuchapwa, kwa hiyo huko kiko huru. Nchi nyingi nyingine zinahesabu miaka 50 au 70 tangu mwandishi afe, sasa HathiTrust wana vitabu zaidi ya milioni 17, nani atafuatilia kila marehemu alizikwa lini? Kilichochapwa nje ya Marekani miaka hiyo wanakifunga kwa walio nje, hata Mjerumani anafungiwa. Waandikie wakikague, ukijua mwaka aliofariki mwandishi utaje.

Mama Zuu:
Mwanangu usidharau hiyo ya kutafuta neno. Mimi nilikuwa naandika "mgeni", napata namba za kurasa, halafu nakwenda na karatasi yangu maktaba kuulizia nakala.
Mwaka niliokaa California ndio nilielewa wenzetu wanavyogawana. Vyuo 10 vya University of California katalogi moja tangu 2021, kitabu unakiona kiko ghala la Richmond unabonyeza kinaletwa chuoni kwako, hakuna haja kila chuo kinunue chake. Mambo ya kidijitali wameiachia California Digital Library, ipo tangu 1997, na HathiTrust yenyewe 2008 waliianzisha pamoja na Michigan na wengine. Ila raha hiyo ni ya mwenye kitambulisho, ukimaliza masomo akaunti inakufa na wewe unarudi kuwa kama sisi. Eskolaship, yaani eScholarship yao ya makala za watafiti, na Calisphere ya picha za zamani ndio zinafunguka popote bila akaunti.

Kabati Bovu:
Mama Zuu hapo kwenye akaunti kufa umenikumbusha machungu 😅 Mwana wa Moro jaribu na Internet Archive, maktaba nyingine ya mtandaoni, kitabu kimoja huwa kimeskaniwa na vyuo viwili vitatu na kila mmoja na masharti yake.

Mwana wa Moro:
Asanteni sana, shikamoo Mama Zuu. Nimekikuta Internet Archive, nimeshusha chote mb 20 na kitu. Ila ukurasa ninaoutaka uliskaniwa umekunjwa, nusu ya methali haisomeki, nimemwambia binamu apige picha huo mmoja tu anitumie wasapu.