MREJESHO: Gari kupanda na kushuka sailensa

Wakuu, niliwauliza kuhusu gari langu la cc 1500 linalopanda na kushuka sailensa (mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta) kwenye foleni ya Mwenge, taa ya injini ikiwaka na kodi P0171, yaani namba ya hitilafu inayosema hewa ni nyingi kuliko mafuta. Wengi mlisema plagi, wengine pampu ya mafuta. Mmoja akasema kuna hewa inaingia kwa wizi baada ya sensa ya hewa, nipime kabla ya kununua chochote. Huyo namdai anipe nafasi nimnunulie soda.

Fundi wa Tabata alichomeka mashine akasoma marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta ya gari inaongeza (+) au kupunguza. Sailensa: +24%. Tukakanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, ikashuka hadi +5%. Pampu ikatoka kwenye kesi hapohapo, maana pampu dhaifu huumbuka injini inapotaka mafuta mengi. Hewa ya wizi hutesa zaidi sailensa, kwa kuwa hewa halali inayopita wakati huo ni kidogo na mvuto ndani ya manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwenye injini) ni mkubwa.

Kisha akapuliza dawa ya kusafishia kabureta, kidogo kidogo, injini ikiunguruma (inashika moto ile, mtungi wa kuzimia uwe karibu). Kwenye gasketi ya manifodi, kimya. Kufika mpira wa PCV (unaorudisha mvuke wa oili kwenye manifodi), mizunguko ikaruka! Ulipasuka upande wa chini, kwa macho huoni mpaka uupinde.

Mpya nimeupata eneo la Gerezani, Dar. Kipande cha hozi ya maji nilikataa, mvuke wa oili hukilainisha. Sasa marekebisho yanacheza 0 hadi +4%, plagi ni zilezile.

Aliyeuliza kuhusu ulaji wa mafuta: tangi hili halijaisha, nitawaambia.