BLAST inasema asilimia 100, lakini kelch13 yangu ina herufi tofauti: niamini kipi?

Mwanagenzi wa Vimelea

Habari za kazi, wakuu. Ninasoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu unahusu usugu wa vimelea vya malaria, Plasmodium falciparum, dhidi ya artemisinini. Nilitoa DNA kwenye matone ya damu yaliyokaushwa juu ya karatasi, nikakuza kwa PCR kipande cha kelch13, jeni ambayo baadhi ya mabadiliko yake huleta usugu huo, chenye urefu wa besi (herufi za DNA) 849, kisha nikakipeleka kusomwa kwa njia ya Sanger. Majibu yamerudi, na sasa nimekwama mbele ya kompyuta, kwa kuwa msimamizi wangu ni bingwa wa darubini lakini mambo ya hifadhidata ananiachia mwenyewe.

Kilichonichanganya ni sampuli mbili. Nilipoziweka kwenye BLAST ya NCBI, chombo cha mtandaoni cha kutafuta mifuatano inayofanana, mstari wa kwanza wa majibu ulionyesha zinafanana kwa asilimia 100 na mfuatano uliomo GenBank, nikaandika kwenye daftari kwamba hazina mabadiliko. Baadaye nilizilinganisha na sampuli zangu nyingine nikaona kwamba mahali pamoja G imekuwa T. Nikaenda PlasmoDB, hifadhidata ya jenomu za vimelea vya malaria, kutazama kromosomu ya 13, huko nako nikakuta mahali hapo pana C, na yangu inasomeka A. Msimamizi ameniuliza swali moja tu, "Ni kodoni ya ngapi?", yaani kundi la ngapi la besi tatu zinazotaja asidi amino moja ya protini, nami nimeshindwa kulijibu, maana nikihesabu tangu mwanzo wa kipande changu napata namba ambayo haimo katika makala yoyote niliyosoma. Nina wasiwasi kwamba huenda nimekutana na usugu bila kujua. Naomba mnielekeze.

Fundi wa PCR

Karibu, ndugu. Kosa la kwanza ni la kawaida sana, nami nililifanya. GenBank ni ghala: tangu mwaka 1982 watu wanaweka humo mifuatano waliyoipata wenyewe, na hifadhidata za Ulaya na Japani hubadilishana nayo kila siku. BLAST haikuambii kama sampuli yako ni ya kawaida. Inakuambia tu ni nani mwingine aliyewahi kuweka mfuatano unaofanana na wako. Ikiwa mtafiti fulani alikwisha kuweka kimelea chenye badiliko lile lile, utapata asilimia 100 kwa furaha kabisa, na badiliko lenyewe utalipita bila kuliona. Kwa hiyo futa lile neno "hazina mabadiliko" ulilolipa sampuli hizo, na ulipe nafasi swali lingine: zinatofautianaje na mfuatano rejea?

Mfuatano rejea wa kazi hii ni wa aina ya 3D7, ambayo jenomu yake ilichapishwa mwaka 2002 na imeendelea kurekebishwa tangu hapo. Fungua PlasmoDB, tafuta PF3D7_1343700, upakue mfuatano wa jeni yenyewe badala ya kipande cha kromosomu. Ukisharudi kwenye ukurasa wa BLAST, chagua sehemu ya kulinganisha mifuatano miwili, weka wako juu na wa 3D7 chini. Namba zitakazotokea upande wa 3D7 ndizo za kuhesabia. Za kipande chako hazina maana kwa mtu mwingine, kwa sababu kipande hicho kinaanzia pale praima zako, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR, zilipoamua kianzie.

Ukiona baadhi ya herufi zimegeuka ndogo au za kijivu, usishtuke. Jenomu ya falciparum ina A na T kwa takribani asilimia 80, na kichujio cha BLAST huyaficha maeneo yanayojirudia-rudia. Unaweza kukizima.

Mama Kodoni

Niongezee kuhusu C na A, kwa kuwa hapo ndipo wanafunzi wengi hulia bila sababu. Kelch13 imeandikwa kwenye uzi wa kinyume wa kromosomu ya 13, kati ya nafasi ya 1,724,817 na 1,726,997. Kivinjari cha jenomu kwa kawaida huonyesha uzi wa mbele, kwa hiyo G ya jeni utaisoma C, na T utaisoma A. Matokeo yako mawili hayapingani hata kidogo. Ni badiliko moja lililotazamwa kutoka pande mbili.

Bahati nzuri jeni hii haina introni, yaani sehemu zinazoikatiza jeni bila kuandika protini, hivyo hesabu ni ya darasani. Chukua namba ya besi ndani ya jeni, gawanya kwa 3, na ukibakiwa na sehemu, panda hadi namba nzima inayofuata. Usithubutu kuihamishia hesabu hiyo kwenye pfcrt, jeni nyingine ya kimelea hiki, ambayo ina eksoni 13, yaani vipande vya kuandika protini vilivyotenganishwa na introni. Huko ukihesabu moja kwa moja kwenye kromosomu utapotea njiani. Tuletee namba uliyoipata.

Mwanagenzi wa Vimelea

Nimefanya hivyo, dada, nashukuru sana. Badiliko liko kwenye besi ya 1732. Nikigawanya napata 577 na baki, yaani kodoni ya 578, herufi ya kwanza: GCT imekuwa TCT, alanini imekuwa serini. Ninachokiogopa ni kwamba C580Y, badiliko la usugu lililoenea Asia ya Kusini-Mashariki, iko kodoni mbili tu mbele yake.

Mama Kodoni

Kuwa jirani na mwizi si kuiba. Hiyo ni A578S, badiliko linaloonekana mara nyingi zaidi kuliko mengine katika kelch13 ya vimelea vya Afrika, na halihusishwi na usugu wa artemisinini. Kabla ya kumwandikia mtu yeyote barua ya tahadhari, linganisha kila badiliko na orodha ya Shirika la Afya Duniani ya alama zilizothibitishwa. Humo utaikuta R561H, iliyojulikana sana kutokana na kazi ya Rwanda, pamoja na C469Y na A675V za Uganda. Hizo ndizo za kukukosesha usingizi. Katika seti yako angalia kwa makusudi besi ya 1682, ambayo ndiyo herufi ya katikati ya kodoni ya 561.

Na tafadhali, usije ukachukua picha ya protini kutoka hifadhidata ya AlphaFold ukasema badiliko "linaonekana hatari" kwa kuwa liko karibu na ukingo wa umbo. Picha hiyo ni utabiri wa umbo. Usugu huthibitishwa kwa mgonjwa ambaye vimelea vyake vinachelewa kuisha baada ya dawa, na kwa majaribio ya vimelea maabarani.

Msomaji wa Kromatogramu

Sijaona mtu akiuliza kuhusu faili zenyewe. Ndugu, umefungua kromatogramu, ule mchoro wa vilele ambamo mashine husoma kila besi, au unasoma herufi tu jinsi kampuni ilivyozituma? Programu ya UGENE ni ya bure, inafungua faili za ab1, na hufanya kazi bila intaneti, jambo ambalo kwa bando zetu si dogo. Tazama kilele cha besi ya 1732 katika kila sampuli, na ikiwezekana kisome kutoka pande zote mbili. Kimelea kikiwa ndani ya damu ya mtu kina nakala moja tu ya kila kromosomu, kwa hiyo vilele viwili safi mahali pamoja humaanisha mgonjwa alibeba zaidi ya ukoo mmoja wa vimelea.

Pia andika toleo la PlasmoDB na tarehe uliyopakua, na namba ya usajili ya GenBank pamoja na nukta na tarakimu inayofuata, kwa sababu tarakimu hiyo hubadilika mfuatano ukirekebishwa. Mtahini wa nje atauliza.

Mwanagenzi wa Vimelea

Nimefungua faili zote leo asubuhi. Sampuli moja ina kilele kimoja cha T, safi kabisa. Ya pili ina G na T kwa pamoja, T ikiwa ndefu zaidi, na mashine ilikuwa imeandika T peke yake. Kwenye besi ya 1682 zote zina G, kama 3D7. Narudia kuisoma hiyo ya pili kwa praima ya upande wa nyuma wiki ijayo, na kwenye daftari nimeshafuta.