Kashinda nusu akatulia, mwenzake alipokata rufaa naye akaibuka. Ni haki?

Mleta mada: Mtu kachimba msingi, ukuta wa jirani ukapasuka. Mahakama ikampa jirani gharama za ukuta, ikamnyima kodi aliyoikosa wapangaji walipohama. Akatulia. Mchimbaji kaenda Mahakama Kuu, na jirani kaingiza rufaa yake humo humo, anataka na ile kodi. Tamaa tupu. Kama aliridhika, angebaki ameridhika.

Mzee wa Shauri: Nani kakwambia aliridhika? Mtu huacha nusu ili apate usingizi. Ukimwamsha, usishangae akidai kitanda kizima. Halafu huitwa rufani kinzani, si "rufaa yake".

Mleta mada: Mzee, nimeuliza haki, sikuuliza msamiati.

Nusu Wakili: Asipoileta, majaji kwa kawaida hawamwongezei hata senti. Kutetea hukumu kwa hoja nyingine anaweza bila rufaa kinzani. Kutaka ibadilishwe kwa faida yake ndiko kunakoihitaji. Marekani, kwenye kesi za madai za mahakama za shirikisho, mmoja akiwasilisha notisi ya rufaa, mwenzake ana angalau siku 14 tangu siku ile. Vinginevyo mjanja angesubiri dakika ya mwisho, mwenzie akute mlango umefungwa.

Mzee wa Shauri: Rufani. Tanzania kuna Mahakama ya Rufani.

Kidole Juu: Na Kenya kuna Mahakama ya Rufaa, paa halijaanguka.

Mzee wa Shauri: Paa la lugha limeanguka zamani.

Mleta mada: Jamani! Mchimbaji akiifuta yake, ya jirani inabaki inaning'inia wapi?

Nusu Wakili: Inategemea nchi. Ujerumani, ile kubwa ikiondolewa, ya kudandia inakufa nayo. India pingamizi la mjibu rufaa, ndiyo kinzani ya huko, linaweza kusikilizwa hata hivyo.

Mzee wa Shauri: "Ya kudandia"! Hapo umenena. Kinzani naifuta.

Mleta mada: Si ndiyo nilichosema? Mdandiaji.

Kidole Juu: Wewe hujawahi kulala kwenye nyumba yenye ufa. Mimi nilipanga moja. Usiku lipu ikadondoka juu ya neti, kipande cha ukubwa wa sahani, neti ikanigusa pua. Asubuhi nikahama. Mwenye nyumba kodi yangu hakuiona tena, na ufa hakuuchimba yeye. Hiyo ni tamaa?

Mleta mada: Hakuiona tena, pamoja na ya mwezi uliokuwa unadaiwa?

Kidole Juu: Mwezi upi?

Mzee wa Shauri: Kumbe tuna mdaiwa ukumbini.