Mrejesho: Kanada au Ujerumani, nimeshaamua

Wakuu, niliomba ushauri: mimi ni kijana, mtaalamu wa programu za kompyuta, nina ofa ya kazi Ujerumani, na wakati huohuo nimeshaingia kwenye mfumo wa Express Entry wa Kanada (unaochagua wahamiaji wenye ujuzi kwa alama, wapewe ukazi wa kudumu). Niende wapi? Nimechagua Ujerumani.

Wengi mlinisukuma Kanada, na hoja yenu ina uzito: unaingia ukiwa tayari mkazi wa kudumu, hufungwi na mwajiri mmoja, na ukikaa siku 1,095 ndani ya miaka 5 unaweza kuomba uraia. Ila ukazi huo hauji na kazi mkononi. Unafika ndipo unaanza kusaka, huku akiba inaliwa.

Kilichonigeuza ni yule aliyesisitiza nisome masharti ya Blue Card yenyewe (kibali cha ukazi cha Ujerumani kwa wafanyakazi wenye ujuzi wa juu), si masimulizi. Ukiwa kazini na unachangia pensheni, unaweza kuomba ukazi wa kudumu baada ya miezi 27 kwa Kijerumani cha kiwango cha A1 (cha mwanzo kabisa), au miezi 21 ukifika B1 (cha kati). Tangu 2024 Ujerumani inaruhusu pia uraia pacha (nchi unayotoka nayo lazima ikubali, hilo msilisahau).

Kazi kubwa ni lugha. Kila nomino naikariri pamoja na der, die au das yake (vineno vinavyoonyesha jinsia ya nomino), maana kubahatisha hakufai.

Na aliyeuliza kuhusu umri kwenye Express Entry: alama zinaanza kushuka ukifikisha 30. Kama una 29, wasilisha wasifu wako sasa.