Tofu imenishinda, naombeni ushauri

Habari za jioni wapendwa, naombeni msaada wenu. Mama yangu kaambiwa na daktari apunguze nyama nyekundu, na maharage yanamjaza gesi sana, sasa nikaona nijaribu tofu maana inatokana na maziwa ya soya yakigandishwa na kukamuliwa, na protini inayo. Juzi nikanunua vipande viwili supamaketi hapa Dar, nikakitoa kimoja kwenye maji yake, nikakikatakata nikatumbukiza moja kwa moja kwenye mafuta ya moto, weee, mafuta yaliruka mpaka ukutani, na nilipogeuza vikang'ang'ania kikaangoni vikavurugika kama mayai. Nikaongeza nyanya na kitunguu hivyo hivyo, mama akaonja vijiko viwili akasema mwanangu hii haina ladha kabisa, akala ugali wake na mchicha. Iliniuma sana kwa kweli.

Sasa jirani ananiambia niifunge kwanza kwenye kitambaa safi niigandamize na kitu kizito kama nusu saa ili maji yatoke, halafu niipake unga kidogo kabla ya kukaanga. Mliowahi kupika, ni unga gani, wa ngano au wa muhogo? Chumvi, tangawizi na kitunguu swaumu naweka kabla au baada? Na nikiipika kwa tui la nazi na ndimu kama samaki wa kupaka, haitasambaratika? Mama anapenda sana kupaka, nikipatia hapo najua atakula.

Kipande cha pili bado hakijafunguliwa, kipo kwenye friji, nataka nimpikie kesho mchana.