Apple II Europlus haitoi rangi, nimepigwa au?

mpenda_chogo: Wakuu habarini. Nipo Uholanzi, juzi nimeokota kompyuta ya zamani soko la mitumba, kwenye mfuniko imeandikwa apple II europlus. Nimeichomeka kwenye TV ya chogo, maandishi safi kabisa hayana chenga ila rangi hakuna, nyeusi na nyeupe mwanzo mwisho. Na kila nikisoma naambiwa Apple II ilisifika kwa rangi. Nataka nianze kubadilisha chipu leo usiku.

Kristali14: Usiguse chipu mkuu, hujapigwa, ndivyo ilivyozaliwa. Wozniak, fundi wa Apple, alipoitengeneza, 1977 ilipotoka, hakuweka sakiti nzima ya rangi, alibana matumizi. Kristali yake (kile kipande kinachopiga mapigo ya kuiendesha kompyuta) ni megahezi 14.318, ambayo ni mara nne ya ishara ya rangi ya TV za Marekani (NTSC, 3.58), kwa hiyo nukta ikikaa mahali fulani kwenye mstari TV inadanganyika inaona zambarau, isogeze kidogo tu inaona kijani. Yaani mchoraji wa rangi ni TV yenyewe, kompyuta inarusha nukta tu! Sasa huko Ulaya mfumo wa TV ni PAL, ishara ya rangi iko 4.43 na inageuzwa-geuzwa kila mstari, ujanja wote ukafia hapo. Europlus wakaiwekea kristali ya 14.25 ili picha itulie kwenye hezi 50, umeme wakaweka wa kwenu, rangi wakamwachia atakayenunua kadi ya rangi ya kuchomeka ndani. Inakaa sloti namba 7, sio nyingine.

babu_wa_solda: Ngoja kwanza, umeiwasha bila kufungua pawasaplai?? Zima. Mle kuna kapasita za kuchuja umeme, zina gamba la plastiki la njano, zikizeeka linapasuka nyufa kama tope la kiangazi, unyevu unaingia, halafu siku moja unasikia paa. Mimi mashine moja ya zama hizo ilinifanyia hivyo sebuleni, moshi mpaka chumba cha watoto, mke wangu hataki hata kusikia neno kompyuta. Badilisha kwa namba ileile iliyoandikwa juu yake.

Kristali14: Shukuru hata hujapata ITT 2020. Ile ilitengenezwa Ulaya kwa leseni ya Apple, PAL wakaitia humohumo ndani, ila mstari wakaufanya nukta 360 badala ya 280, ukiweka gemu la Apple picha inajaa michirizi ya wima.

mpenda_chogo: Duh, nimefungua, nyufa mbili naziona hata bila tochi. Nimechomoa. Kadi ya rangi nayo nimeona moja mtandaoni, bei inazidi kompyuta yenyewe, basi nitabaki hivihivi, hata TV ya kwanza nyumbani ilikuwa ya weusi na weupe na tuliijaza sebule. Ila herufi ndogo mbona hazitoki, kibodi nayo imekufa?

babu_wa_solda: HAINA MKUU. NI KUBWA TU.