Mao wa Yan'an na Mao wa Beijing ni watu wawili?

Wakuu, kila ukomunisti wa China ukitajwa, kuna hoja hairukwi: kwamba Mao Zedong wa miaka ya Yan'an, mji wa jimbo la Shaanxi uliokuwa makao ya Chama cha Kikomunisti kabla ya ushindi, alikuwa mtu wa wakulima, akaharibikiwa baada ya kushika nchi mwaka 1949. Mimi naipinga.

Mazuri yalikuwepo. Jeshi la wakomunisti lililofika kaskazini mwa Shaanxi Oktoba 1935, likiwa limepoteza wengi mno katika Safari Ndefu, yaani ile safari ya kuwakimbia maadui wake, lilikuta nchi kame na watu wanaoishi katika mapango ya udongo. Chama kikapunguza kodi ambayo wakulima waliwalipa wenye ardhi, kikafundisha watu kusoma. Kuomintang, chama kilichokuwa kikitawala China, walipowazingira, askari wa Brigedi ya 359 ya wakomunisti walishika majembe wakalima bonde la Nanniwan. Mkulima aliyezoea kuporwa na kila jeshi linalopita aliiona tofauti, na ni haki yake tuiseme.

Ila tusiishie hapo. Mwaka 1942 mwandishi Wang Shiwei, mwanachama wao, aliuliza hadharani kwa nini chakula na nguo vinagawiwa kwa madaraja pale pale panapohubiriwa usawa. Alishambuliwa mkutano baada ya mkutano, akaitwa mfuasi wa Trotsky, yule mpinzani wa Stalin aliyehesabiwa msaliti, akafungwa, na mwaka 1947 akauawa. Jina lake lilisafishwa rasmi 1991! Mwaka 1943 Kang Sheng, mkuu wa usalama wa chama, akaongoza msako wa majasusi. Vijana waliotoka mijini kwa hiari yao kuja kujiunga na mapinduzi wakabanwa hadi wakakiri ujasusi wasioujua. Mao aliomba radhi baadaye, lakini mbinu zenyewe hazikutupwa.

Na mwaka huo huo wa 1943 ndipo alipoiweka wazi kanuni yake ya uongozi: maoni yakusanywe kutoka kwa umma, yachambuliwe, yarudishwe kwa umma. Inavutia sana. Lakini mchambuzi ni chama, na chama ndicho kinachoamua maoni yapi ni ya umma na yapi ni ya adui. Wang Shiwei aliangukia upande wa pili.

Urithi huu uko hai. Oktoba 2022, siku chache baada ya Mkutano Mkuu wa 20 wa chama, kiongozi wake Xi Jinping aliwapeleka Yan'an wajumbe wote wa Kamati ya Kudumu, kile kikundi kidogo cha vigogo wa juu kabisa wa chama. Yeye mwenyewe aliishi kijijini Liangjiahe, eneo hilo hilo, kwa miaka kadhaa kuanzia 1969.

Sasa anayesema Mao aliharibikia Beijing anijibu: wasomi waliokamatwa 1957 katika kampeni dhidi ya walioitwa watu wa mrengo wa kulia, na walimu waliodhalilishwa 1966 Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza, walifanyiwa lipi ambalo Wang Shiwei hakufanyiwa?